Bi Kunde na Mbegu Zilizojifunza Kuwahi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutushika mkono: huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 18 Mei 2024, wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Kunde. Jina alipewa kwa utani na wenzake kazini, naye akalichukua bila kinyongo. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa mwisho, akisaidiwa na shemeji yake. Palipozidi chumvi, lawama ni za mdogo mtu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1956, mtoto wa pili kati ya watano wa seremala na mkewe. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, jiko nje, na nyuma ya jiko kipande cha shamba ambapo mama alipanda kunde nyekundu, mbegu aliyoirithi kwa mama yake naye. Majani yake yalikuwa laini, hayana uchungu, na yakichemka nyumba nzima ilijua. Watoto wote walipalilia shamba hilo. Marehemu peke yake ndiye hakuhitaji kuitwa mara ya pili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi kidato cha pili, alipoacha ili amuuguze baba. Baadaye alijiunga na chuo cha ushonaji na kupata cheti Novemba 1975. Mwalimu wake wa sekondari aliwahi kuandika kwenye ripoti: "Ana akili, ila akishaamua jambo habadiliki." Baba aliisoma akiwa kitandani, akaikunja, akasema, "Hiyo nayo kaitoa kwa mama yake." Mama alikuwa hapohapo na hakubisha.

Tarehe 12 Aprili 1980 alifunga ndoa na fundi bomba aliyekuja kutengeneza mabomba ya chuo na akawa haishi kurudi kuyakagua. Mume alipata kazi ughaibuni, na marehemu akamfuata tarehe 6 Machi 1988 akiwa na watoto wawili. Wa tatu alizaliwa huko. Siku ya kuondoka mama alimpa kichupa cha dawa chenye punje arobaini za kunde. "Usizipike," alimwambia. "Zipande kwanza, ndipo ule."

Miaka mitatu baadaye mama alifariki, na lile shamba la nyuma ya jiko likamezwa na barabara iliyopanuliwa. Ndugu wengine, mwandishi akiwemo, walikuwa wameshapika kunde zao hadi punje ya mwisho. Ikawa sasa mbegu ya mama imebaki kwenye kichupa kimoja tu duniani, tena katika nchi ya baridi. Zikifa kule, zimekwisha kila mahali. Marehemu alilijua hilo tangu siku alipopokea habari za msiba, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumbembeleza aache.

Taabu ilikuwa hesabu ya siku. Kunde za mama zilitaka siku mia na arobaini hadi kukauka maganda, na majira ya joto ya kule yalimpa siku mia moja tu. Alikodi kipande cha bustani ya manispaa, ukubwa wa sebule, akapanda punje kumi. Majani yakatoka mazuri, watoto wakala, lakini baridi ikashuka maua yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka. Mwaka wa pili alizianzishia kwenye makopo jikoni, dirishani, akapata maganda mawili. Mume alimwambia, "Mama watoto, dukani kuna kunde kavu kwenye mifuko." Alizinunua, akazipika, akazionja, akamsogezea sahani. "Hizi ni kunde," alisema. "Zile ni za mama."

Akajiwekea sharti: maganda yanayowahi kukauka hayaliwi na mtu, hata mgeni. Hayo ndiyo mbegu ya mwaka unaofuata, ili kunde changa zifuate mwendo wa wazazi wao. Mvumilivu hula mbivu, lakini huyu alivumilia, na zilipoiva hakula.

Kazi yake, kuanzia Juni 1989 hadi alipostaafu tarehe 30 Septemba 2016, ilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali: kupakua mashuka yenye mvuke, kuyanyoosha, kuyapasi, kushona yaliyochanika. Yaliyochakaa kabisa aliomba apewe. Msimamizi akamuuliza ya nini. "Nina wagonjwa nyumbani, wanasikia baridi," alisema. "Wangapi?" "Mistari sita." Ndipo wenzake walipoanza kumwita Bi Kunde, nao wakawa wa kwanza kumkusanyia mashuka ya kufunikia mistari hiyo usiku wa baridi.

Mwaka 2001, baada ya kuchagua mbegu misimu tisa, alikuwa amezishusha kunde hadi siku mia na nane. Siku yake ya kuzaliwa alirudi kutoka kazini akakuta meza imetandikwa, mume amevaa aproni, na harufu ambayo hakuwahi kuisikia tangu aondoke kwao. Fundi bomba alikuwa amekuta chupa kabatini, akaona mke wake kwa miaka yote anajinyima, akaamua kumfurahisha. Alikuwa amepika mbegu zote. Marehemu aliketi, akala sahani nzima, mume akimtazama. Alipomaliza alisema, "Umezipatia chumvi," kisha akaingia chumbani akalia hadi asubuhi.

Mume naye siku hiyo alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na marehemu hakuwa mtu wa kuyatazama. Alikumbuka kwamba miaka miwili nyuma alimgawia konzi moja mzee wa posta, jirani wa bustani, kabla hawajanuniana kwa ajili ya mpira wa maji. Mzee huyo alizipanda kando ya uzio kwa sababu alipenda maua yake. Marehemu alikwenda kubisha hodi. Aliomba radhi kwanza kwa ule mpira wa maji, ingawa hadi anakufa alishikilia kwamba mwenye makosa ni mzee, ndipo akaeleza shida yake. Mzee alifungua droo, akatoa bahasha iliyoandikwa tarehe kwa mwandiko wa posta. Ndani mlikuwa na punje kumi na tisa. Alianza upya, na mwaka 2011 kunde za mama zilikauka mtini kwa siku tisini na saba, bila shuka.

Tarehe 11 Novemba 2023 madaktari walimwambia ana saratani ya kongosho. Aliuliza kama atafika Mei, wakati wa kupanda. Wakamwandikia dawa za maumivu tu, naye akaelewa. Mwezi Aprili, akiwa wodini, aliwaita mumewe na watoto. "Zikipita tarehe ishirini Mei haziwahi," alisema. "Na mbegu za mwaka juzi zilioza, kwa hiyo hizi za mwaka jana ndizo zilizopo. Nikifa wiki hiyo, pandeni kwanza. Mimi nitasubiri, zenyewe hazisubiri." Binti yake mkubwa, mwalimu wa hesabu ambaye hakuwahi kupenda udongo kwenye kucha zake, alisema, "Mama, basi, usiseme hivyo." Akajibiwa, "Nasema hivyo kwa sababu yako."

Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Alhamisi waliokuja kuhani walikuta mlango umefungwa, wakaelekezwa bustanini. Huko walimkuta fundi bomba na wanawe watatu wamepiga magoti, mzee wa posta ameketi kwenye kiti akisimamia kamba inyooke, na mwandishi wa wasifu huu na viatu vyake vya safari. Binti mkubwa alimuuliza baba yake mbegu iingie kiasi gani. Baba akamwonyesha pingili ya kidole. Hapo ndipo alipoangua kilio, kwa sauti, mbele za watu, na akaendelea kupanda huku analia. Waliokuja kuhani waliweka mikoba chini, wakaingia mistarini.

Marehemu ameacha mume, binti wawili na mwana mmoja, wajukuu wanne, kaka mmoja na wadogo wawili, na jirani mmoja mzee aliyeomba atajwe.

Dada, msiba wako tumeuchelewesha kwa amri yako. Mbegu za mama zimetangulia ardhini, hakuna iliyobaki juu, wala hatukuionja hata moja. Sasa ni zamu yako. Ingia upumzike kwa amani.