Mwalimu Robo Saa na Bwalo Lililonyamaza

Ndugu waombolezaji, walimu, majirani, na nyinyi vijana mliojaa mpaka nje ya uzio, familia imekaa tangu juzi ikaandika maisha ya mpendwa wetu, ikamkabidhi mdogo wake, fundi cherehani, ayasome, kwa sababu dada yao mkubwa alisema huyu ndiye mwenye sauti ya kufika nyuma, ingawa mpangilio hana, basi akiruka tarehe mtamvumilia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Robo Saa, alizaliwa tarehe 11 Agosti 1961, mtoto wa pili kati ya watatu wa karani wa posta na mkewe mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alianza darasa la kwanza Januari 1968, akamaliza la saba mwaka 1974 akiwa wa kwanza, akaingia sekondari mwaka uliofuata, na huko hesabu zikawa mchezo kwake, hata wenzake wakawa wanamfuata bwenini awaeleweshe. Lakini tarehe 6 Novemba 1978, kwenye mtihani wa mwisho wa somo hilohilo, aligeuza karatasi, akasoma swali la kwanza, na kichwa chake kikawa cheupe, hakukumbuka hata kanuni ya eneo la duara, viganja vikatoka jasho mpaka karatasi ikalowa pembeni, akakaa saa mbili na nusu akiitazama saa ya ukutani, akatoka ameandika namba yake ya mtihani tu. Nyumbani hakusema neno kwa siku tatu, baba alidhani ni kiburi, mama alidhani ni malaria, na yeye, alivyotueleza baadaye, alidhani amegeuka mjinga ghafla. Alirudia mwaka 1979, akafaulu vizuri, ila tangu hapo alitaka jambo moja tu hapa duniani, kwamba mtoto anayejua asiingie kwenye mtihani akatoka mikono mitupu.

Mwaka 1980 alijiunga na chuo cha ualimu, na huko alikutana na mkufunzi wa michezo, mama mmoja mwembamba asiyepandisha sauti, aliyewalaza wanachuo kwenye sakafu ya ukumbi na kuwafundisha yoga, kunyoosha viungo, kukaa kimya, kufuata pumzi inavyoingia na inavyotoka. Marehemu alicheka na wenzake nyuma ya ukumbi, akiwa kinara wa kucheka, mpaka siku aliyohesabu pumzi zake mara ishirini, akafumbua macho, na somo zima la asubuhi likamjia lenyewe, mstari kwa mstari. Alipigwa na butwaa, na tunaweza kushuhudia kwamba butwaa hilo halikumwisha miaka arobaini na minne.

Tarehe 10 Januari 1983 aliripoti kazini katika shule aliyoitumikia maisha yake yote, akifundisha hesabu. Hapa lazima tuseme ukweli, maana mwenyewe angekasirika tukimpamba, kwa miaka ishirini ya kwanza yale ya chuoni aliyafungia kabatini, akawa mwalimu mkali ajabu, mwenye majaribio ya kushtukiza na kalamu nyekundu mfukoni hata siku za mapumziko. Tarehe 13 Desemba 1986 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya watoto, wakajaliwa binti tarehe 2 Machi 1988 na kijana tarehe 19 Juni 1991, na leo ameacha wajukuu wanne.

Mwaka 2004 binti yake alikuwa kidato cha nne katika shule hiyohiyo, na kila asubuhi ya jaribio alitapika, akaanza kusahau hata alichosoma saa moja iliyopita, mama yake akampima hiki, akampima kile, akaambulia patupu, mwisho akamkalisha mumewe jikoni akamwambia, "Baba watoto, huyu haumwi tumbo, anakuogopa wewe na mitihani yako." Marehemu alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, akaviangalia viganja vyake, kisha akafungua kabati.

Alianza mazoezi yale ya chuoni Jumatatu tarehe 3 Mei 2004 na wanafunzi arobaini na mmoja, na alianza vibaya, kwa kosa ambalo mwalimu wa hesabu peke yake ndiye angeweza kulifanya, maana alichora daftari lenye safu nne, mgongo, macho, pumzi na utulivu, akapita katikati yao wakiwa wamefumba macho, akawapa alama chini ya kumi, na Ijumaa akabandika matokeo ubaoni, wa kwanza kwa kutulia mpaka wa mwisho kwa kutulia. Vijana wakaanza kukesha wakifanya mazoezi ya kutulia, wawili wakaiga pumzi ya aliyeshika namba moja, aliyekuwa wa mwisho akalia chooni kipindi kizima, na binti yake, aliyekuwa wa thelathini na nane, alimfuata ofisini mbele ya walimu wengine akamwambia, "Baba, hata kupumua unatusahihishia?" Walimu walijifanya wanatafuta chaki. Marehemu alilichana lile daftari hapohapo, akaenda darasani, akawaomba radhi wote arobaini na mmoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, kisha akavua viatu, akakaa sakafuni pamoja nao, naye akafumba macho.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Mdogo wake alishona mikeka ya kukalia kutokana na magunia na mapazia chakavu, na alishona pia suruali za wavulana, maana wiki za mwanzo kila walipoinama kushika vidole vya miguu ilisikika kitambaa kikipasuka, na fundi hakulalamika. Baada ya kunyoosha viungo walikaa kimya, baada ya ukimya kila mmoja alimweleza jirani yake alichosoma jana bila kufungua daftari, na aliyekwama hakuchekwa, alirudi kwenye pumzi zake akajaribu tena. Kufikia Agosti wanafunzi mia mbili na kumi na wawili walikuwa wanakuja kwa hiari yao, saa moja na nusu hadi saa mbili kasorobo, katika bwalo la chakula, na siku moja mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani shule imefungwa bila yeye kuambiwa, akawakuta wote wamekaa, vijana wa umri ule, ambao ukiwaweka watatu tu pamoja utasikia kelele mtaa wa pili, na kitu pekee kilichosikika ni matone ya bomba. Mpishi alisema nywele zilimsimama, naye si mtu wa kupiga chuku.

Maneno yalikuwepo, na kwenye kikao cha wazazi cha tarehe 25 Septemba 2004 maji yalimfika shingoni, baba mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisimama akasema, "Mimi nimemleta mwanangu asome, sikumleta alale," mama mmoja akauliza hiyo ni dini ya nani, na marehemu akajibu, "Kila mmoja aje na imani yake, mimi nashughulika na pua tu." Watu walicheka, mwenye duka hakucheka, basi marehemu akamwomba taratibu amtajie namba yake ya mtihani wa mwisho, na mzee yule akaitaja yote bila kusita, ingawa miaka ishirini na tisa ilikuwa imepita, kisha akatazama viganja vyake, akaona vimelowa, akakaa chini. Robo saa ikaingizwa kwenye ratiba ya shule.

Kuhusu matokeo ya mitihani, alitukataza kutia chumvi. Waliofaulu walifaulu kwa sababu walisoma, wapo waliotulia vizuri na bado wakafeli, na yeye alisema hajui kama robo saa inaongeza kumbukumbu, anachojua ni kwamba inaiondoa hofu iliyoikalia. Binti yake aliacha kutapika, akafaulu, na leo ni mhandisi wa maji. Marehemu alistaafu tarehe 11 Agosti 2021, akapewa saa ya mezani na hotuba ndefu, na kesho yake saa moja na nusu alikuwa bwaloni kama kawaida, bila viatu.

Februari 2024 alianza kuumwa tumbo, mwezi Aprili madaktari wakagundua saratani ya kongosho, naye aliendelea kwenda bwaloni mpaka Julai miguu ilipokataa. Tarehe 9 Oktoba, akiwa amelazwa, mwalimu wa jiografia, aliyeshika nafasi yake ya kuongoza robo saa, alikuja kumwambia kwamba kuanzia Jumanne ya tarehe 15 mkuu wa shule ameiondoa robo saa, muda huo utatumika kwa majaribio ya ziada. Hatutaficha, habari hiyo ilimuumiza kuliko ugonjwa, aligeukia ukutani, na tangu Jumapili mpaka asubuhi ya Jumatano hakuongea na mtu. Alifariki Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, ambao hawakumdanganya hata siku moja. Tunawashukuru majirani waliolala kwenye viti vyetu na kuosha vyombo vyetu, na walimu wenzake, pamoja na wale waliomcheka zamani, ambao wamechimba kaburi hili kwa mikono yao.

Na wewe, mkuu wa shule, tunakushukuru kwa kutusimulia, bila kujitetea, kwamba Jumanne ile ulipofika ulikuta mlango wa bwalo uko wazi, meza zimesogezwa, viatu vimepangwa ukutani, na vijana mia tatu na kumi wamewahi shule mapema, kabla ya hayo majaribio yako, hakuna mwalimu, hakuna kiranja, wamefumba macho, ukasimama mlangoni na mkoba wako mkononi. Kesho yake, saa moja na robo, simu ya binti wa marehemu ikaita, ulikuwa wewe, umesimama bwaloni, ukanong'ona, "Mwekee baba sikioni." Binti akaweka, hakusikia kitu, akakitazama kioo cha simu, akasema, "Baba, naona imekatika." Marehemu akainua kidole, akasema, "Haijakatika. Wamekaa." Akasikiliza robo saa nzima, machozi yakimtiririka mpaka kwenye mto, na sisi tuliokuwa pale hatukuthubutu hata kukohoa, tukawasikia, vijana, tunawaapia, tuliwasikia mlivyonyamaza, na simu ilipokatwa akaomba uji, akanywa kikombe kizima, akamwambia mkewe, "Mama watoto, hata nisipoenda, watakaa."

Kaka yetu, nenda salama, upumzike kwa amani.