Kapitene wa Baba-Mkwe

Mwaka ule wa vita mji wa Bunia ulikuwa ukibadilisha wakubwa kabla wino wa mihuri yao haujakauka. Kisichobadilika kilikuwa benchi la Mama Agathe, mbele ya duka lililofungwa tangu mwenye duka akimbilie Beni. Mama Agathe alikuwa na birika la kahawa na mkaa. Wateja wake walikuwa na maoni. Juu yao lilitandazwa turubai jeupe la misaada, limefungwa kamba pembe zote, hata mvua ya Oktoba ikija kwa hasira benchi lilibaki kavu kama ofisi ya waziri. Asubuhi hiyo ilikuja kwa hasira.

Floribert alikaa katikati, kama mgonjwa kati ya waganga. Walimwita Amirali, ingawa ziwa alikuwa ameliona kwa mbali tu, akiwa juu ya lori. Shida yake waliijua wote. Mapigano ya mwisho yaliacha matundu ya risasi kwenye mabati ya nyumba yake. Mkewe, Godelive, alihamisha godoro kutoka pembe hii hadi ile, mwishowe akalihamishia kwa baba yake, mtaa wa Ngezi. Floribert alipokwenda kumwomba arudi, mzee, mzaliwa wa Kasenyi ufukoni mwa ziwa, hakumngoja hata akae: “Usirudi hapa mikono mitupu. Mwanaume angeniletea kapitene aliyemvua mwenyewe.”

Kapitene ni samaki yule mkubwa wa ziwa, wengine humwita sangara. Floribert alishukuru kimoyomoyo. Samaki ni jambo la kujadiliwa, na watu wa kujadili nao alikuwa nao. Miguuni pake ulilala ufito wenye ndoano ya waya. Ili kupata waya huo alikuwa amevunja mwavuli wa Godelive.

— Na mvua hii, Amirali, leo ndiyo siku, alisema Katsuva, aliyekwenda kuchimba dhahabu Mongbwalu akarudi na kikohozi. Mito inapeleka minyoo mu ziwa. Kapitene inakuja pembeni kukula.

— Nani alikuambia?

— Mutu.

— Mutu gani?

— Mutu wa kule.

Paluku aliinua kidole. Huyu aliitwa Direkta, kwa kuwa zamani alilinda mlango wa ofisi fulani ya uvuvi, na elimu ya ndani ilimfikia kupitia tundu la kitasa.

— Pole pole. Ruhusa ya kuvua iko wapi?

— Niko nayo, Direkta, Floribert akapapasa mfuko.

— Iko na muhuri ya nani?

— Ya wale wa juzi.

— Ichome! Ukionyesha hiyo karatasi ku barieri ya njiani ya wale wa leo, watakuuliza weye uko upande gani. Na weye hauko hata upande wa samaki.

— Basi nikaombe mpya.

— Ngoja kwanza. Hawa nao sioni kama watamaliza wiki.

Floribert aliona hoja hiyo ina uzito. Hoja yoyote iliyomwacha amekaa ilikuwa na uzito.

— Miye naona shida haiko ruhusa, Katsuva alisema. Shida iko cheo. Mu muji hii kila mwenye bunduki amekuwa kapitene. Na samaki nayo kapitene! Siye raia tutaikamata na nini?

— Na nini, ndugu yangu?

— Na dhahabu. Tia kachembe ku ndoano. Sijaona kapitene moja yenye kukataa.

— Na hiyo dhahabu iko wapi?

— Mongbwalu.

Direkta alicheka kwa huruma.

— Munapoteza wakati. Upande wetu kapitene haiko tena. Mabomu ilipolia, zote zilikimbilia Uganda. Sasa hata ngurumo zinazania ni bomu. Mvua ikinyesha, zinazidi kwenda.

— Kusema ziko wakimbizi?

— Wakimbizi kabisa! Ukitaka kuzivua, kuja na gari ya misaada, piga honi. Zitapanga mustari zenyewe.

Mama Agathe alimwaga kahawa kwa kucheka. Floribert alicheka kuliko wote, kisha akaacha, maana mvua ilizidi, naye alijua, bila kutaka kujua, pembe ipi ya nyumba yake inajaa maji sasa hivi. Tangu Godelive aondoke alikuwa akilala juu ya meza.

Ndipo mama mmoja, aliyeshuka kwenye lori la kutoka Mahagi, akaingia mbio na gunia la maharagwe kichwani.

— Bajamaa, munipokee kidogo.

Wakampokea, wakamsimulia yote: mke, mzee, kapitene, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akainua macho, akatazama maji yanavyoteleza bila hata tone kupenya.

— Hii turubai iko muzuri sana, alisema. Iko ya nani?

Katsuva akachungulia kikombe chake. Direkta, mwenye maoni hata juu ya mwezi, akainama kufunga kamba ya kiatu. Mama Agathe akaanza kupepea mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu.

Wagawa misaada walikuwa wamempa Floribert turubai lile baada ya kuyaona matundu. Alilileta hapa kwa siku moja tu, wajadiliane namna bora ya kulifunga juu ya nyumba. Mvua ikawakuta katikati ya majadiliano. Wakalitundika, ili wajadili kwa utulivu.

Floribert alisimama, akafungua kamba ya kwanza.

— Amirali! Mvua iko inanyesha!

— Naisikia.

— Lakini muzee aliomba samaki!

— Godelive hakuomba samaki, alisema, na mikono yake ikaenda kwenye kamba iliyofuata.

Pembe ya mwisho ilipoachia, maji yote yaliyojikusanya juu yakalishukia benchi kwa mkupuo mmoja. Floribert alijitwika turubai, akauacha ufito pale pale ulipolala. Kwenye kona aligeuka mara moja. Walikuwa bado wamekaa, wameshika vikombe, na kwa mara ya kwanza tangu vita vianze kahawa ya Mama Agathe ilikuwa ikiongezeka.

— Miye naona, sauti ya Katsuva ilimfuata, na mvua ya namna hii kapitene itakuja yenyewe mpaka hapa.

— Iko na ruhusa? Direkta aliuliza.