Zamu ya Baba Chiriku

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi hapa. Baba Chiriku.

MWALIMU: Baba nani? Kuna kelele huko, sikusi—

FUNDI: Nyie! Zimeni hiyo mashine, naongea na simu! (kelele zinapungua) Baba Chiriku, mwalimu. Fundi wa mageti.

MWALIMU: Ahaa! Habari za kazi, fundi?

FUNDI: Nzuri. Za watoto?

MWALIMU: Wazima wote. Huyo wako ndiyo usiseme, wiki nzima hatupumui. Baba yangu anakuja, baba yangu anakuja kutusome—

FUNDI: Hilo ndilo nililopigia simu. Jina langu lifute.

MWALIMU: Nilifute?

FUNDI: Futa. Kesho siji. Nina geti la watu.

MWALIMU: Ni hadithi moja tu, fundi. Unasoma mbele ya darasa, unarudi kwenye geti lako. Wiki iliyopita alikuja muuza dawa, kasoma kwa kukwamakwama, watoto wakampigia makofi.

FUNDI: Si ndiyo! Wazazi wasome, na nyie mnalipwa mshahara wa nini?

MWALIMU: Wa kuvumilia simu kama hii.

FUNDI: Tena tusemane ukweli. Darasa la pili mnafundisha nini siku hizi? Juzi mtoto karudi na duara la karatasi kichwani, eti yeye ni sayari. Namuuliza, umefanya nini shuleni? Nimezunguka. Umezunguka nini? Nimemzunguka mwalimu. Asubuhi nzima!

MWALIMU: Mimi nilikuwa jua.

FUNDI: Hongera! Na vile vifuniko vya soda? Mfuko mzima! Mimi nimempeleka shule, nyie mnampeleka jalalani.

MWALIMU: Kwa vifuniko hivyo anagawanya hesabu za darasa la tatu. Wewe mara ya mwisho kugawanya ni lini?

FUNDI: Mimi napima geti kwa jicho, na halijawahi kukataa kufunga.

MWALIMU: Geti la shule yetu si wewe ulilitengeneza?

FUNDI: Mimi mwenyewe, kwa mikono hii.

MWALIMU: Tunalifunga kwa kamba.

FUNDI: (anakohoa) Bawaba mlileta wenyewe. Za kuokota.

MWALIMU: Haya. Lakini hii habari ya kughairi ungesema mapema. Nilikutumia ujumbe mara mbili, kimya.

FUNDI: Mimi ujumbe sina muda nao. Mtu mwenye shida anapiga.

MWALIMU: Na ile karatasi ya kusoma jioni? Mzazi anatia sahihi chini. Wewe kila siku unatia juu, palipoandikwa mwalimu.

FUNDI: Sahihi ni sahihi! Mlisema nimsikilize mtoto akisoma, namsikiliza. Mama yake anafua mashuka hospitali zamu ya usiku, nani mwingine amsikilize, paka?

MWALIMU: Sijakulaumu kwa—

FUNDI: Na hapo kwenye vitabu ndipo mnaponimaliza kabisa! Nani anawaandikia upuuzi ule? Simba gani anapanda pikipiki kwenda kwa kinyozi?

MWALIMU: Nani anapanda pikipiki?

FUNDI: Simba! Anafika, anavuta kiti, anasema nipunguze pembeni. Kinyozi kajificha chini ya meza, anamnyoa kwa kisu kilichofungwa kwenye mpini wa ufagio! Hiyo ndiyo elimu? Mtoto atakwenda kutafuta kazi, aseme amesomea simba?

MWALIMU: Subiri. Kitabu gani hicho?

FUNDI: Hicho hicho mlichompa. Cha kijani.

MWALIMU: Cha kijani, chenye picha ya mswaki juu?

FUNDI: Hicho.

MWALIMU: Baba Chiriku, kile ni kitabu cha usafi wa meno.

FUNDI: Eeh?

MWALIMU: Hakuna simba mle. Hakuna kinyozi. Mwanzo mpaka mwisho ni kupiga mswaki.

(mashine nyingine inaunguruma kwa mbali)

FUNDI: Labda... labda chake ni kingine. Mlichapisha tena.

MWALIMU: Vyote ni vile vile.

FUNDI: Basi kumbe ananidanganya! Hajui kusoma, anajitungia tu! Na mimi nimekaa pale kila jioni namwambia vizuri mama, endelea mama! Leo ataniona.

MWALIMU: Usimguse.

FUNDI: Anifanye mjinga, mimi baba yake? Namwambia leo—

MWALIMU: Nimesema usimguse! Chiriku anasoma kuliko wote darasani. Hicho cha mswaki alikimaliza siku niliyompa, hakukwama hata neno.

FUNDI: Sasa kama anajua kusoma, kwa nini asinisomee kilicho—



MWALIMU: Haloo? Fundi? Upo?

FUNDI: Nipo.

MWALIMU: Simba alipopanda pikipiki, ulicheka?

FUNDI: Nini?

MWALIMU: Nauliza kama ulicheka.

FUNDI: ...Mpaka jirani akagonga ukuta.

MWALIMU: Haya.

FUNDI: Haya nini? Usiniletee haya-haya zako! Ni macho, mwalimu. Moto wa kuchomelea umeniharibu macho. Herufi ndogo zinanichezea. Ndiyo maana kesho siji. Macho tu.

MWALIMU: Macho. Sawa. Sijauliza.

FUNDI: Nakwambia hata kama hujauliza!

MWALIMU: Na mimi nikwambie kitu, halafu uendelee kunitukana. Jana wenzake walipotoka, Chiriku alibaki nyuma. Akaniambia, mwalimu, baba akija mpe kile cha simba. Nikamwambia hatuna kitabu cha simba. Akaniangalia—unamjua anavyoangalia, utadhani mimi ndiye mtoto. Akasema, tunacho, mwalimu, ila anakijua baba peke yake.

(mtandao unakwaruza)

FUNDI: Sijasikia. Mtandao huu—

MWALIMU: Umesikia.

FUNDI: (kwa sauti ya chini) Na wenzake wakichungulia?

MWALIMU: Wachungulie nini? Watakaa chini kwenye mkeka, kitabu kinakuelekea wewe. Mimi nitakuwa nyuma nasahihisha, sioni wala sisikii. Ila ufungue kurasa, nakuomba. Usikae ukurasa mmoja mpaka simba anamaliza kunyolewa.

FUNDI: Nani kakwambia sijui kufungua kurasa?

MWALIMU: Na uvae shati la maana. Hilo la matobo ya cheche liache huko huko.

FUNDI: Dharau hiyo.

MWALIMU: Dharau umeanza wewe, na sayari zangu.

FUNDI: Kesho napita hapo na bawaba. Za kwangu, siyo zenu za kuokota.

MWALIMU: Kwa hiyo unakuja?

FUNDI: Nakuja kurekebisha geti! Sasa nikishakuwa hapo... sijui, tutaona. (simu inalia tiii) Hilo ni salio, linaisha. Hebu haraka: simba alipoanza kunyolewa nilipitiwa na usingizi. Mwisho wake ulikuwaje?

MWALIMU: Mimi changu kina mswaki tu. Muulize mwenye kitabu.

FUNDI: Yuko hapa nje anapanga vifuniko vyenu. Haya, baadaye, mwal— We Chiriku! Mama! Njoo. Njoo na kile kitabu chetu, unimalizie yule si—

(simu inakatika)