Rasimu Aliyoitafuta Mama Rasimu

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi. Modesta Masele anastaafu tarehe 30 Juni 2026. Maktaba ya taasisi yetu ya utafiti wa samaki itabaki na viti na makabati yake yote, ila nani atatufuata maofisini kudai rasimu, hilo bado hatujui. Mhariri wa kijarida cha taasisi ameniomba niandike kwa kuwa nilikuwa kwenye jopo lililomwajiri. Nimekubali kwa sababu nyingine pia, nayo nitaisema.

Alianza kama karani wa kadi za vitabu. Taasisi ilipofungua hifadhi ya machapisho mtandaoni, alikabidhiwa yeye. Mtafiti wa Mwanza huandika juu ya ziwa la Mwanza, makala ikachapishwa ng'ambo, kisha mtu wa Mwanza akitaka kuisoma anaambiwa alipe dola. Wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka hadharani rasimu yake ya mwisho, ile waliyoikubali kabla ya kuipamba. Lakini sharti mwandishi awe bado anayo, na aitoe kwa ridhaa yake. Wengi wetu tulikuwa hatujui hata tumeiweka wapi.

Basi akaanza kupita mlango kwa mlango, flashi ikining'inia shingoni. Vijana wa maabara wakimwona tu wanapiga kelele, "Mama Rasimu huyo, fungeni milango!" Naye hujibu bila kusimama, "Milango fungeni, kompyuta acheni wazi." Profesa mmoja alimpa mara tatu nakala ya mchapishaji, yenye nembo na rangi. Mara zote alimrudishia. "Profesa, hili ni gauni la harusi la watu. Mimi nataka lile ulilolishona mwenyewe."

Leo zaidi ya makala elfu mbili zinasomwa bure, hata na mwanafunzi wa Ukerewe mwenye simu tu. Hiyo ni kazi ya Modesta.

Moja aliikosa kwa miaka. Ni yangu, juu ya mazalia ya furu, wale samaki wadogo wa maji ya Kigongo, kabla daraja halijajengwa.

Mke wangu Najat alipofariki, nilibaki peke yangu hapa Butimba. Modesta akawa anakuja kila Alhamisi akitoka kazini, na karanga za kukaanga alizonunua Mabatini. Shikamoo, marahaba, kisha anakaa kwenye kompyuta yangu na kufungua mafaili: "mwisho", "mwisho mpya", "mwisho kabisa", "mwisho wa kweli". Yote yalikuwa rasimu za awali. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee wangu, mbona mwisho wako hauishi?" Tulikunywa chai, akanipa habari za kazini, nani kaoa, nani kagombana na mhasibu. Akiinuka kuondoka husema, "Tutaipata tu, mzee. Alhamisi."

Rasimu haikuwa imepotea. Nilikuwa nimeihamishia kwenye flashi, na flashi ilikuwa kwenye mfuko wa kanzu niliyovaa. Niliona kwamba akiipata hatakuwa na sababu ya kurudi.

Kumbe kulikuwa na mwingine aliyeingoja. Pius Machibya, mvuvi wa Kigongo, ndiye aliyeniendeshea mtumbwi na kunionyesha mazalia yale. Alikwenda maktaba zaidi ya mara moja kuulizia makala hiyo, maana alitaka binti yake Suzana amsomee nilichoandika juu ya maji yake. Modesta alimjibu kwa nia njema, "Mzee bado anaitafuta." Pius alifariki Novemba iliyopita. Modesta aliniletea habari hizo hapa mezani, akafuta macho, akasema, "Basi tuangalie tena, angalau Suzana aisome." Akafungua "mwisho mpya" kwa mara nyingine. Mimi nikamimina chai.

Daktari wangu hazungumzii tena mwaka ujao, na ukumbini, kwenye hafla ya kumuaga Modesta, sitaweza kufika. Jumatatu nimeiweka makala mwenyewe kwenye hifadhi, kwa njia ile ile aliyotufundisha. Ilinichukua asubuhi nzima. Kisha nikampigia Suzana. Aliifungua tukiwa tunaongea, akasoma kwa sauti mpaka kwenye shukrani, penye jina la baba yake.

Modesta, utakuwa unasoma haya ukiwa meza ya mbele, na ua limebandikwa kifuani. Nisamehe, binti yangu. Hukuzembea popote, aliyekuchelewesha ni mimi, na Pius ndiye aliyelipia. Kwa niaba ya wote uliowagongea mlango, wakiwemo waliojificha, asante. Tunakutakia mapumziko yenye afya, na nyumba isiyokosa mtu wa kubisha hodi.

Alhamisi kwangu hakuna tena cha kutafuta. Ukija hata hivyo, chai ipo.

Dk. Yunus Khalidi
Mtafiti mstaafu, Butimba