Bi Mgongo Anastaafu, Bango la Wifi Yake Bado Liko Mvuani

Sehemu ya mabango ya mbao haitafungwa kabla ya mvua kwisha, msimamizi wa karakana alitangaza Jumatatu. Mchoraji wake pekee, ambaye sote tunamwita Bi Mgongo, anastaafu Ijumaa hii, Machi 28, baada ya miaka thelathini na moja kazini.

Jina alilipata mwaka wa kwanza. Mgongo wa kila bango aliupiga msasa na kuupaka rangi sawasawa na uso wake, na ncha za mbao, pale msumeno ulipopita, alizinywesha rangi mpaka zikakataa. Seremala, mtani wake wa siku zote, alimuuliza mgongo huo atausoma nani. "Mvua," alijibu. "Na hiyo inasoma kila mwaka."

Kukosea alikosea. Bango la zahanati lilitakiwa haraka. Aliligusa pembeni, akaridhika kuwa rangi imekauka, likafunikwa kitambaa cheupe. Mgeni rasmi alipokivuta, herufi nyingi zilimfuata. Kitambaa kikawa kinasomeka kuliko bango, ingawa kinyumenyume. Watu walipiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Tangu hapo hakuna bango lililotoka karakana kabla hajalaza kiganja kizima juu yake na kukiinua bila kunata. Wakubwa walinuna, wakangoja.

Bango lake la lango la soko lina miaka kumi na minane. Herufi zimerudiwa mara moja. Mbao ni zilezile.

Mwaka jana uongozi ulitaka kuhamia plastiki, kwa kuwa hakukuwa na wa kumrithi. Bi Mgongo alimtaja mtunza stoo wetu, ambaye ni wifi yake na amekuwa akijifunza kwake kila baada ya kazi. Minong'ono ya undugu haikukosekana. Uongozi ukatoa sharti: mtunza stoo aandae bango moja peke yake, kuanzia mbao ghafi hadi herufi ya mwisho, litundikwe getini msimu mzima wa mvua. Likipinda au rangi ikivimba, sehemu inafungwa naye anarudi stoo moja kwa moja.

Bi Mgongo alikatazwa kugusa wala kuelekeza. Alipita karibu na meza ya wifi yake akikohoa, hadi mwenzake alipochoka. "Wifi, hicho kikohozi kinataka dawa au kina maoni?" Karakana nzima ilicheka. Kikohozi kilipona siku hiyohiyo.

Bi Mgongo, tunakushukuru kwa kazi, na hata kwa ugomvi. Tunakutakia afya, usingizi mrefu wa asubuhi na kuta zako mwenyewe za kupaka.

Amealikwa kwenye ukaguzi wa bango la getini. Amesema hatakuja, kwa sababu si lake. Litashushwa Jumatatu, Juni 2, saa tatu asubuhi.