Mfuko Uliogeuka Zambarau

Bwana asifiwe! Asifiwe na nyie wa huko mlangoni, msitegee. Leo nimesimama kwa miguu yangu, sikushikwa mkono na mtu.

Ndugu zangu, mnanijua. Darasa la pili sikumaliza. Nilianza kwa kukata mkonge Ngombezi, leo nina mashine yangu ya kusaga na nyumba ya bati. Sijawahi kuomba chumvi kwa jirani. Lakini tezi dume haijali nyumba ya bati! Mkojo uliziba, nikalia kama mtoto. Hospitali wakaniwekea mpira wa mkojo na mfuko wake, nikaambiwa nisubiri upasuaji.

Mfuko nikauficha chini ya koti. Maji nikanywa kidogo, usije ukajaa mbele ya wateja. Choo kikubwa nacho kikagoma. Asubuhi moja mke wangu, Mama Eliza, akafunua koti, akapiga ukelele. Ndugu zangu, mfuko ulikuwa zambarau! Zambarau kama zile mnazokula mkachafuka midomo!

Habari zikafika Handeni kabla jua halijazama. Kaka yangu Mhina akaja na pikipiki.

"Mdogo wangu, huo si mkojo. Wamekuroga kwa ajili ya mashine. Kuna fundi kule kwetu, anauvuta huo mpira, anauchoma, kwisha."

"Na mkojo utatokea wapi?" akauliza mke wangu.

"Shemeji, haya mambo ya wanaume."

"Ya wanaume, na anayemwaga mfuko ni mimi?"

Homa ilinitetemesha, na woga pia. Nikamwambia Bwana: mimi sina kisomo, nionyeshe njia moja tu. Amani ikanishukia! Nikasema, "Kaka, washa pikipiki. Twende kwa walioniwekea. Aliyefunga fundo ndiye anayejua kulifungua." Tukapanda mshikaki watu watatu, mpaka hospitali.

Nesi akatazama, wala hakushtuka. "Shikamoo mzee. Choo kikubwa umepata lini?"

Mbele ya kaka yangu! Mama Eliza akajibu, "Wiki nzima hajapata."

Nesi akatueleza. Ni jambo la nadra, lakini hutokea. Choo kikikaa sana tumboni, na wadudu wakaingia kwenye mkojo, rangi ile hujitengeneza ndani ya mfuko. Rangi haiui, wadudu ndio wa kuogopa. Tena mpira una puto ndani ya kibofu, limejazwa maji. Mtu angeuvuta bila kuyatoa, angenichana njia ya mkojo, damu imwagike. Kaka Mhina akatafuta benchi, akakaa.

Wakabadilisha mpira na mfuko, wakanipa dawa ya wadudu na ya kulainisha choo. Maji nikanywa kama ng'ombe wa Wamasai. Mkojo ukarudi rangi yake, haleluya! Upasuaji nimefanyiwa, mpira umetoka, nakojoa mwenyewe. Mnacheka? Chekeni. Hamjazibwa bado.

Aliyeniponya ni Bwana, mikono aliyotumia ni ya hospitali. Namshukuru yeye, na Mama Eliza namshukuru mbele yenu.

Wewe mzee unayeamka kila mara usiku kwenda kusimama chooni bure, usijikaze. Mtumaini Bwana, ukapimwe. Juzi kaka Mhina kanipigia simu, sauti chini kabisa: "Mdogo wangu, yule nesi yuko zamu siku gani?" Nimemwambia aje, nitampeleka mwenyewe. Na wewe njoo, ndugu yangu. Nafasi ipo.