Daktari Ghislaine Taupenot na Majarida Yake ya Bustani

Tulipokuwa tukiandika wasifu huu, mara kwa mara tuliandika "anapenda", kisha tukafuta na kuweka "alipenda". Mikono yetu haijakubali. Jumanne Ghislaine alikuwa akitugombeza kuhusu viti vya wageni. Leo tumesimama mbele ya jeneza lake.

Alizaliwa Vendôme tarehe 3 Februari 1953, kitinda mimba wa Armand Fouquereau, mkuu wa stesheni, na Yvette, fundi cherehani. Alisoma hapo hapo Vendôme, kisha akaenda Nantes kusomea udaktari wa meno. Baba yake alitaka awe mwalimu. Yeye akamjibu, "Baba, watu nawapenda zaidi wakiwa wamefungua mdomo na hawawezi kunijibu."

Mwaka 1979 alifungua kliniki hapa Romorantin. Kwenye chumba cha kusubiria aliweka majarida makuukuu aliyoyaokota mnadani, yenye picha za bustani za Kifaransa zilizopakwa rangi kwa mkono: vijia vilivyonyooka, vichaka vilivyokatwa kama mazulia, mabwawa ya duara. Siku moja aliingia Rémi Taupenot, fundi wa kujalidi vitabu, shavu limevimba, jarida kifuani kama mtoto mchanga.

"Daktari, hili ni la mwaka 1869! Unawapa watu wafukuzie nzi?"

"Kaa. Fungua mdomo."

"Kwanza niahidi utalitoa pale nje."

"Nikiliondoa, utanyamaza?"

Hakunyamaza. Walifunga ndoa tarehe 18 Septemba 1982, wakajaliwa Bertille na Aurélien. Ghislaine akitafuta, mume akitengeneza, walikusanya majarida ambayo wengi hawajapata kuyaona yakiwa kamili. Kilichomuudhi kuliko kuoza kwa jino ni wafanyabiashara wanaoyakatakata ili kuuza picha moja moja. "Ni sawa na kung'oa meno mazima," alisema, na aliwaambia hivyo machoni pao.

Juni 2016 mto Sauldre ulifurika ukaingia hadi kwenye ghala lao la majarida. Rémi aliketi kwenye ngazi akilia. Majarida yalikuwa yamelowa chapachapa. Ghislaine alivaa viatu vya mpira akaenda kwa jirani yao Fabrice, muuza nyama, ambaye duka lake lilikuwa mahali palipoinuka.

"Fabrice, nipe nafasi kwenye friza lako. Karatasi ikiganda haioti ukungu."

"Daktari, bustani zako zitanuka soseji!"

"Zinuke. Lakini ziwe hai."

Majarida yaligandishwa kati ya mapaja ya nguruwe, kisha yakakaushwa ukurasa kwa ukurasa majira yote ya baridi. Karibu yote yalipona. Fabrice yuko hapa leo.

Ghislaine alistaafu mwaka 2018. Mwaka huu yeye na Rémi waliamua kuukabidhi mkusanyiko wote kwa maktaba ya mji, kwa masharti mawili: usitawanywe, na mtoto yeyote mwenye mikono safi aruhusiwe kufunua kurasa.

Kuhusu ugonjwa hatuna la kuwasomea. Hakuugua. Jumatano tarehe 12 Juni 2024 alikula mkate na jibini la mbuzi, akamcheka Rémi kwa tai aliyoichagua, akapanda juu kufunga sanduku la mwisho la majarida. Rémi alimwita kahawa ikiwa tayari. Akamwita tena, kwa sauti ya utani: "Mama Bertille, umepotelea bustani ipi?" Alipopanda, alimkuta sakafuni. Daktari aliyeitwa alisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka. Rémi alimuuliza mara tatu kama ana hakika.

Hafla ya makabidhiano ilipangwa leo, Jumamosi, saa tisa. Wengi wenu mlialikwa na Ghislaine mwenyewe, na nguo mlizovaa mlikuwa mmeziandaa kwa furaha. Tulidhani Rémi ataahirisha. Amekataa. Tukitoka makaburini tutakwenda maktaba, na yeye ndiye atakayefungua sanduku la kwanza. Tafadhali, msimwache aingie peke yake.

Ameacha mume, Rémi. Watoto wawili, Bertille na Aurélien. Wajukuu watatu, Noémie, Barnabé na Lise. Na kaka yake Lucien, mwenye miaka themanini na minne, ambaye siku zote alisema yeye ndiye atakayetangulia.

Ghislaine, lala salama. Mungu akupe pumziko ambalo hukuwahi kujipa.